Sambaza Juu ya Jetski

Jumamosi, baada ya umuganda

Kucheka nitacheka kesho. Leo bado nina hasira.

Asubuhi niliacha bodi ya jetski kuukuu, pikipiki yangu ya majini, juani, imepinduliwa, tumbo lote nimelipaka faibaglasi mpya ambayo bado inanata. Nikaenda umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, kuzibua mtaro. Narudi, mama mkwe ameanika sambaza, dagaa wake wa ziwani, juu yake.

"Niliona meza muzuri iko ku jua, donc nikaanika."

Mama mkwe hafokewi. Nikasema asante.

Wameganda. Nimebandua vichwa, mikia imebaki, na gundi iliyobaki inatosha tabaka moja tu. Basi mikia nimeifunika humo humo ndani ya gundi.

Nikamwambia naogopa jetski itazama, na mimi sijui kuogelea.

"Usiogope, mukwe. Sambaza iko inajua."