Ngumi Zetu na Ukuta wa Mbao

Nyumbani, chumba cha nyuma ya karakana
Jumapili, tarehe 14 Septemba
Asubuhi mawingu, manyunyu mpaka saa tatu, kisha jua lisilo na nguvu.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini hujambo, na kwamba kile kikohozi ulichotuandikia mwezi wa saba kimekuachia. Kama bado, nenda hospitali, usijitibu kwa ubishi kama kawaida yako. Mimi ni mzima. Baba Mdogo naye ni mzima kwa kiasi chake: mguu wa kushoto anauburuta tangu apooze, lakini mdomo haukupooza hata kidogo, na kila anayeingia karakanani lazima aambiwe kwamba hajui kushika randa.

Binti yako hajambo, isipokuwa ubavu. Hilo ndilo lililonikalisha chini niandike, na nimelizunguka siku nane. Sasa nalisema: Jumamosi ya tarehe 6 alishindwa kwenye mchujo. Ile nafasi ya chuo cha michezo, ya kusoma na kulala hukohuko, imekwenda kwa mwingine. Mwisho wa kupokelewa ni miaka kumi na minane, nawe unajua Novemba anatimiza kumi na tisa. Hakuna mchujo mwingine kwake.

Mbavu mbili zimepata ufa. Daktari amesema zitaunga zenyewe, ila asibebe kitu kizito wala asicheke sana. Hilo la kucheka halijatupa shida.

Nataka ujue ilivyokuwa, maana kosa ni langu, na sipendi ulisikie kwa mwingine likiwa limepindishwa.

Unakumbuka Baba Mdogo alivyotufundisha karate sisi wawili, na alivyoyadharau mateke. Mwenye teke anakutumia salamu, alikuwa akisema, mwenye ngumi anakuja mwenyewe. Kumfikia mtu, kwake njia ilikuwa moja: hatua ya kwanza unaziba mwanya, ya pili unapiga, ya tatu uko kifuani kwake na mguu wake hauna pa kupita. Hivyo ndivyo nilivyomfundisha binti yako tangu uniachie akiwa na miaka kumi na miwili. Wenzake wanamwita Sindano, kwa wembamba wake na anavyopenya.

Miaka yote sita nimeandika mazoezi yake kwenye shajara: tarehe, mpinzani, aliingia kwa ngumi au kwa teke, ilifika au haikufika. Kabla ya mchujo nilijumlisha ya mwaka huu. Katika chumba chetu cha mazoezi aliingia kwa ngumi mara mia nne na kumi, zikafika mia tatu na sita. Kwa teke alijaribu mara arobaini, yakafika tisa. Nikamwonyesha ukurasa. Nikamwambia mateke ayasahau.

Naye aliniuliza, Kaka. Hili ndilo linaloniuma. Wiki mbili kabla, tukiwa tunafua, alisema amewaona wasichana wa klabu ya ng'ambo ya reli. Wao wanaanza na teke la mbele kumsimamisha mtu, ndipo mikono inafuata. Je, tusijaribu? Nilimjibu kwamba hesabu haisemi hivyo. Yaani nilimjibu kama karani dirishani.

Mchujo ulifanyika kwenye ukumbi wa shule, mpana, mikeka ya bluu imetandazwa kutoka ukuta hadi ukuta. Mpinzani wake alikuwa msichana mrefu, miguu kama ya korongo. Wenzetu walimcheka, wakasema huyo atashonwa akiwa bado anatafuta magoti yake yako wapi. Mwamuzi akaruhusu. Sindano akaingia vizuri kabisa, hatua ya kwanza safi. Korongo akarudi nyuma. Sindano akaongeza ya pili, akapiga, ngumi ikapita hewani, kwa sababu Korongo alikwisharudi tena. Ya tatu, ya nne. Kila akikaribia, yule anarudi na kuacha teke njiani, kama mtu anayefunga mlango huku anaondoka. Teke la tatu ndilo lililompata ubavuni, akiwa amenyoosha mkono wote, hana cha kujikingia.

Alisimama, akaendelea. Raundi zote mbili aliingia kwa ngumi, mara kumi na saba. Ilifika mara moja. Na mimi pale pembeni nilikuwa namwambia, "Ongeza hatua, ongeza hatua."

Jumatatu nilikwenda peke yangu kwenye chumba chetu cha mazoezi kutafuta kosa. Nilisimama anaposimama mpinzani, nikarudi nyuma hatua mbili, mgongo ukagonga mbao. Unazijua: zile ambazo Baba Mdogo aliziegemeza ukutani tukiwa watoto, anazosema zinakauka zikingoja kazi kubwa. Zimekula nusu ya chumba. Hakuna mtu aliyewahi kurudi hatua ya tatu mle ndani, wala aliyeweza kuinua mguu bila kuogopa kugonga ncha ya ubao. Ngumi zetu zilikuwa zinafika kwa kuwa mbao zilikuwa zinatushikia mtu. Nimeandika kila kitu katika shajara ile, hata hali ya hewa. Ukubwa wa chumba sikuandika.

Nilimweleza Baba Mdogo. Akasema mtoto hakukaza kiuno. Sikubishana naye. Akikubali hilo la mbao, atabaki na nini?

Jana mimi na mke wa dobi, jirani yetu, tulizitoa mbao zote tukazipanga uani. Baba Mdogo alitutazama kutoka kwenye kiti chake bila kutukataza, na hilo lilinitisha kuliko kama angetutukana. Tulianza baada ya chai, adhuhuri tukawa tumemaliza. Miaka ishirini na mitano, Kaka, na ilikuwa kazi ya asubuhi moja.

Sindano alikuja akasimama mlangoni. Nikamwambia atazame, sasa ni hatua kumi na moja. Akipona tutaanza na teke la mbele, polepole, hakuna haraka. Alikitazama chumba, halafu akanitazama mimi.

"Nianze ili niende wapi, Shangazi?"

Aliuliza kwa upole tu, kama mtu anayeuliza njia. Akachukua ufagio akanisaidia kufagia vumbi la mbao, mkono mmoja unafagia, mwingine umekandamiza ubavu.

Kesho anaanza kazi kwa fundi cherehani wa mtaa wa pili, kukata vitambaa. Hakuniomba ushauri, aliniarifu.

Ombi langu ni moja. Mwandikie mwenyewe, usipitie kwangu. Baba Mdogo usimseme; mzee amebakiwa na maneno yake tu. Mimi nilaumu, nitapokea. Na tafadhali usimwambie kuna mwaka kesho. Umri wake anaujua.

Msalimie sana Wifi, na wale pacha wawili ambao nadhani sasa wanakushinda kwa kelele. Baba Mdogo anakusalimu na anauliza kama bado unakaza ngumi unapolala. Mke wa dobi naye anakusalimu, ingawa hakujui.

Mungu akulinde huko kazini, na akurejeshe siku moja tukuone ungali na meno yako.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda, na niliyeshindwa kukutunzia ulichoniachia.

Dada yako

Nyongeza, Jumatatu tarehe 15. Asubuhi kavu, upepo kidogo. Bahasha nilikuwa sijaifunga. Binti yako ameondoka saa moja na robo kwenda kwa fundi, amekunywa chai yote. Jana nilizima taa saa nne na nusu. Usingizi ulinijia saa tisa kasoro dakika kumi za usiku.