Senje, Siku Ile Uliporudisha Unga

Senje,

Leo nimefagia nyumba yako ya Bondeni, nikafungua dirisha, kisha nikakaa kwenye meza yako ya kushonea. Cherehani nimeitia mafuta, bado inalia vilevile. Nje kuna ule upepo wa vumbi kutoka upande wa Menengai, uliokuwa ukikutoa mbio kwenda kuanua nguo huku unaugombeza kama mtu. Nimekaa nikausikiliza, nikajikuta nimechukua kalamu.

Kwetu shangazi ni senje, na mimi sikuwahi kukuita jina lingine, hata baada ya Mama kufa na wewe kunilea kama uliyenizaa. Nilijaribu mara moja kukuita mama. Ukacheka ukasema, "Loice, mama yako ana jina lake, na mimi nina langu. Usituchanganye."

Nakumbuka siku uliyokuja kutuchukua Mai Mahiu. Baba alikuwa amekufa mwaka mmoja kabla. Alikuwa turniboi, utingo wa lori, na watu walisema ni kifua kilichomuua. Mama alibaki na kibanda chake cha chapati na maharagwe kando ya barabara. Madereva walikuwa wakipanga foleni pale. Halafu Mama akaanza kukonda, akatokwa na vidonda mdomoni, na foleni ikakatika. Walipita tu, wakaenda kibanda cha pili, na Mama akawa anakunja chapati za jana kwenye gazeti tunakula sisi. Mwenye ploti alipotuambia tuhame, alisimama mbali sana, akapiga kelele kama anayeita ng'ombe.

Ulishuka na leso mbili. Moja ukamfunika Mama mabegani, ya pili ukaifanya ngata, ukabeba godoro letu kichwani. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na mtu wa kwanza kumgusa Mama kwa miezi mingi, ukiniondoa mimi, alikuwa wewe. Ulimpangusa mdomo kwa kidole chako kitupu. Mama akalia. Ukamwambia, "Nyamaza, wifi. Panda gari twende."

Nilidhani tukifika Nakuru mambo yatakuwa tofauti. Bondeni ni mtaa wa watu waliozoeana. Mume wako alikuwa amefanya kazi reli na nusu ya majirani, na wote walikujua kwa sababu uliwashonea watoto wao sare za shule. Lakini habari ilitutangulia. Nikienda mferejini, akina mama walivuta ndoo zao. Hawakunitukana. Walivuta tu ndoo, na ile sauti ya bati kwenye simenti naisikia mpaka leo. Miaka hiyo hata jina la ugonjwa halikutajwa. Walisema "ule ugonjwa," wakapunguza sauti kana kwamba utasikia ukaja.

Halafu ikaja ile Jumamosi. Akina mama wa kanisa walikuja wakiongozwa na Mama Beti, jirani yako, rafiki yako wa kuimba kwaya. Walileta beseni: unga, sukari, sabuni, mafuta ya kupikia. Wakaliweka chini mlangoni, wakabisha, wakarudi nyuma mpaka kwenye ua wa michongoma. Wakaanza kuomba kutoka huko. Mama alikuwa amelala sebuleni, anawasikia.

Ulitoka na tepu ya kupimia ikining'inia shingoni. Uliwangoja wamalize, waseme amina. Ndipo ukasema, "Mama Beti, mgonjwa wangu si mbwa wa kuwekewa chakula nje. Kama mna unga, ingieni nao. Kama mnaogopa, rudini nao."

Mama Beti alisema, "Rispa, usituelewe vibaya. Tuna watoto nyumbani."

"Hata mimi nina mtoto. Yuko ndani."

Wakabeba beseni, wakaenda.

Senje, sijawahi kukuambia hili. Nilikuchukia siku hiyo. Kwenye debe kulikuwa na unga wa kutosha ugali mmoja. Tulikula kabichi na chumvi, na mimi nikawa nawaza ile sukari. Nilisema moyoni kwamba una kiburi, kwamba unga hauna makosa. Na Mama, akiwa amegeukia ukuta, alikuambia polepole, "Ungepokea tu." Ulienda kwenye cherehani ukakanyaga kwa hasira mpaka uzi ukakatika.

Siku ya tatu Mama Beti akarudi peke yake, beseni kichwani. Alisimama mlangoni kama mtu anayetaka kuvuka mto asioujua kina. Kisha akaingia. Akakalia ukingo kabisa wa kiti, magoti pamoja, mikono mapajani. Mama akamtazama, akasema, "Kaa vizuri, mama. Mimi siumi."

Mlicheka, Senje! Mlicheka wote watatu, mpaka Mama akapatwa na kikohozi na Mama Beti, bila kufikiri, akamshika mgongo. Nilikuwa nimesimama mlango wa jikoni. Baada ya hapo alichukua kitana akamsuka Mama nywele zile chache zilizobaki, mistari minne, akimsimulia umbea wa kwaya yote. Wiki iliyofuata wakaja wengine. Mmoja alifua, mwingine akaleta mboga ya mrenda. Mama aliishi miezi minne zaidi, na siku aliyofariki, chumba kilijaa wanawake.

Hiyo ndiyo Bondeni ninayoikumbuka. Naikumbuka pia ile miaka mizuri iliyofuata: wewe kunifundisha kukata kola, kunifumulia mshono mara sita bila kunigombeza, mara ya saba kunipiga kidogo na rula. Omena zako zenye nyanya nyingi. Redio yako iliyoshika stesheni moja tu. Safari zetu za Kabazi Desemba, kwenye kale kashamba ulikonunua kwa jasho la sare za shule, baridi ya asubuhi ikituuma vidole tukichuma maharagwe, nawe unajisifu kwamba udongo wa huko ukipanda jiwe linaota.

Ndiyo maana korona ilipokuja, hatukuelewana, mimi na wewe.

Ulikuwa umepita miaka sabini na kifua chako hakikuwa kizuri. Mimi nilikuwa na duka langu la ushonaji mjini, napokea watu kutwa nzima, nashona barakoa. Nikaogopa kukuletea ugonjwa. Nikawa naweka chakula mlangoni kwako, nabisha, narudi nyuma hadi kwenye ua.

Siku ya kwanza ulifungua mlango, ukalitazama lile sufuria chini, ukanitazama mimi kule mbali. Ukasema, "Hata wewe, Loice?"

Nilikuambia, "Senje, huu ni tofauti. Huu unaambukiza kwa pumzi."

Ukasema, "Kila mmoja husema ni tofauti." Ukachukua sufuria, ukafunga.

Nilikuwa sahihi, Senje. Daktari angesema nilikuwa sahihi. Lakini nilikuwa naweka na kukimbia, kama wao. Sikukaa. Nilijiambia nina kazi nyingi, kumbe nilishindwa kukutazama usoni.

Na ugonjwa ulikupata hata hivyo, sijui kwa njia gani. Wahudumu walipokuja kukuchukua wamevaa mavazi meupe mwili mzima, majirani walichungulia kwa mapazia. Ulitembea mwenyewe hadi kwenye ambulensi. Nilidhani utaniambia neno kubwa. Uligeuka ukasema, "Funika zile mbegu za maharagwe, kuku watazimaliza." Basi. Hilo ndilo neno lako la mwisho kwangu ana kwa ana.

Kuingia wadini hospitalini sikuruhusiwa. Nesi mmoja mwenye huruma alikushikia simu sikioni mara mbili. Nilisikia pumzi yako tu. Siku ya nne wakanipigia. Tulikuzika Kabazi haraka haraka, watu wachache, tumeachana hatua kadhaa. Waliokubeba sikuona nyuso zao. Wewe uliyeosha maiti za watu mtaani wakati ndugu zao wamekimbia, hukuoshwa na mkono wa mtu anayekujua.

Niliporudi Bondeni niliambiwa nijitenge siku kumi na nne, nikajifungia humu ndani mwako. Na watu wakaanza kupita upande wa pili wa njia. Jirani akaweka kiroba mlangoni, akabisha, akaondoka. Nikakumbuka ndoo za mferejini.

Siku ya pili, asubuhi, nikasikia sauti: "Loice! Umekula?"

Ni Mama Beti. Amezeeka, ana mkongojo, macho yameingia ukungu. Alikuwa amembebesha mjukuu wake stuli, akaiweka pale kwenye ua wa michongoma, akakaa, barakoa imemfunika hadi machoni. Akapaza sauti mtaa mzima usikie: "Kuingia nimekatazwa na daktari. Lakini siendi mahali!"

Alikuja kila siku, Senje. Siku zote zilizobaki. Mvua ikinyesha alikuja na mwavuli. Tulizungumza kwa kupiga kelele, mimi dirishani, yeye uani, na wapita njia wakaona aibu, wakaanza kusimama na wao, wakanisalimia. Siku moja aliniambia jambo ambalo sidhani uliwahi kulijua. Alisema, "Ile siku Rispa alinirudishia unga, sikulala siku mbili. Niliona haya. Nikaenda hospitali nikamuuliza nesi kama ugonjwa ule unashika kwa kiti. Akanicheka. Nikatoka pale nikaenda moja kwa moja kwenu." Halafu akafuta macho kwa ncha ya leso. "Nilikuwa naogopa, Loice. Hata nilipoingia nilikuwa bado naogopa."

Nililia siku hiyo kuliko siku ya mazishi. Nililia kwa sababu nilijua nilichopaswa kukufanyia. Stuli, Senje. Ningekuja na stuli.

Samahani.

Sasa nikupe habari. Mama Beti alifariki mwaka jana, usingizini, na tulimwimbia kwa nguvu zote. Wanangu nimewaambia bibi yao, mama yangu, alikufa kwa ukimwi, nikalitaja kwa jina, nao wakauliza tu alikuwa anapenda nini. Na huu ugonjwa wa malengelenge, mpox, ulipofika kwa madereva wa malori, niliteremka Mai Mahiu na wanawake wanne wa kikundi chetu. Mhudumu wa afya wa pale alitufundisha kwanza: glavu, barakoa, namna ya kufua shuka za mgonjwa. Tuliuliza maswali mengi mpaka akachoka.

Kulikuwa na binti, Shiru, muuza chai. Wateja walikuwa wamemkimbia, na mtu alikuwa ameandika neno baya kwenye mbao za kibanda chake. Nilimkuta amejifunika blanketi hadi kichwani. Nikavuta mtungi wa plastiki, nikaukalia. Akachungulia, akaniuliza, "Mathe, kwani wewe huogopi?"

Nikasema, "Naogopa. Ndiyo maana nimevaa hizi glavu." Akacheka kidogo. Nikamfulia shuka, nikampikia uji, nikamsikiliza hadi jua likaegemea mlima. Alipona. Wiki iliyopita nilikunywa chai yake, imejaa tangawizi, na foleni ilikuwa ndefu nyuma yangu.

Sina zaidi, Senje. Pumzika huko kwenye udongo wako wa Kabazi. Nakuahidi kwamba nikiogopa nitauliza wanaojua, na nikishauliza nitakwenda. Kesho nateremka tena Mai Mahiu. Nyuma ya gereji kuna dereva mmoja mzee, anaugua huo huo, mtu wa mbali, lori lake limeondoka na mtu mwingine na hana anayemjua pale. Nimemtumia ujumbe kwamba nitafika kabla ya saa nne, na amenijibu kwamba atakuwa ameshavaa shati la kupokelea mgeni.

Ni mimi mtoto wako,
Loice