Baskeli mlangoni kwa Seif

Da Zuwena,
Nakusalimu na miguu inaniuma. Leo nimeazima baskeli, nikapanda vilima vya nyuma ya mji huu wa Al Khoudh, nikashuka nikiufuata mfereji wa falaj mpaka kwenye shamba la mizabibu. Mwenyewe kanijazia mfuko mzima wa zabibu.

Nikarudi kwa mdogo wetu Seif natiririka jasho. Jirani yake mlangoni kauliza huyu nani, maana huku baskeli wanapanda vibarua tu. Seif kamjibu kwa Kiarabu, kama mie sikijui: "Mfanyakazi wetu mpya."

Mie niliyemfundisha baskeli, nikimshikilia kiti asianguke!

Zabibu nimezila zote peke yangu. Wabusu wanao. Mama akiuliza, mwambie Seif kanipokea vizuri.

Nduguyo,
Salum