Kibao cha FUNGA

MAELEZO YA NYONGEZA YA SHAHIDI

Jina: limo kwenye jalada. Kazini naitwa Dada Fundi.
Umri: miaka 46
Kazi: fundi wa breki, karakana ya mabehewa, mwaka wa kumi na tisa sasa
Makazi: nyumba za wafanyakazi wa reli, safu ya pili, mlango unaotazama tangi la maji
Yameandikwa: kituo cha polisi, chumba namba 3, tarehe 22, kuanzia saa tatu na robo asubuhi

Mnamo tarehe 14 mwezi huu niliandikisha maelezo kwenye chumba hiki hiki, mbele ya afande huyu huyu. Maelezo yale yalikuwa na uongo ndani yake. Nimekuja kwa miguu yangu kuutoa, sikuitwa na mtu. Wiki nzima chakula hakipiti, na nikijitazama kwenye kioo naona kinyaa.

Afande ameniomba nieleze kifaa kama ninavyomweleza mtu asiyejua reli. Chini ya sakafu ya behewa kuna tangi dogo la hewa. Hewa hiyo ikiingia kwenye silinda ya breki, viatu vya chuma vinabana magurudumu na behewa halisogei. Zamani, behewa likiachwa bila injini, mtu alizungusha usukani wa breki ya mkono mara ishirini na kitu, kisha akaweka kabari za mbao chini ya magurudumu. Mkuu wetu wa karakana akachora kifaa cha kumaliza kazi hiyo kwa tendo moja. Ni kisanduku ubavuni mwa behewa chenye mkono wa chuma. Mkono ukiwa juu, njia ya hewa iko wazi na breki inashika. Mkono ukiwa chini, njia imezibwa, silinda inatoa hewa yake na breki inaachia, ili fundi aingie chini kubadilisha viatu bila kubanwa vidole. Wazo ni zuri, sitalisema vibaya. Alilichora yeye, na mimi nililisugua kwa tupa miezi minne mpaka likaacha kuvuja.

Siku ile michoro ilipokubaliwa alibandika neno MVUMBUZI kwenye mlango wa ofisi yake. Tangu hapo karakana nzima tunamwita Mvumbuzi. Yeye anadhani ni heshima.

Kibao cha kisanduku kilikuwa cha shaba, kimechongwa vizuri, jina la Mvumbuzi likichukua nusu nzima. Upande wa juu wa mkono kiliandikwa FUNGUA, upande wa chini FUNGA. Kwake na kwangu, watu wa koki na mabomba, hilo halina utata: unafungua hewa, unafunga hewa. Nilikikaza kwa skrubu nne, nikajaza fomu ya ukaguzi, nikasaini.

Tarehe 7, saa nane mchana, fundi wa mapazia alipita kwenye benchi langu. Huyu ndiye marehemu. Alikuwa anashona mapazia na vitambaa vya viti, na mdomoni hakukosa pini. Aliinama kwenye kisanduku akasoma, akacheka.

"Shoga, kumbe kufunga breki ya treni ni kushusha tu hapa? Hata mimi naweza."

Nilibaki na bisibisi mkononi. Kwa watu wengine wote duniani, kufunga breki ni kusimamisha chombo. Mwenye baiskeli anasema hivyo, dereva wa lori anasema hivyo, na watu wetu wanaounga mabehewa nje kule njiani wanasema hivyo kila siku. Kibao chetu kilikuwa kinawaambia kinyume. Aliyetaka breki ishike angeshusha mkono, na breki ingeachia.

Saa tisa nilikuwa ofisini kwa Mvumbuzi. Nilimweleza. Akaniuliza kama nimekuja kumfundisha maana ya maneno. Nikamwambia, "Bosi, andika juu BREKI INASHIKA, na chini BREKI HAISHIKI. Hata mgeni ataelewa." Akayaandika kwenye karatasi.

Tarehe 11 niliona kibao kipya mezani kwake, cha bati jepesi, na maneno yangu yale yale. Nilishukuru, nikanyoosha mkono nikichukue. Akakisogeza.

"Hiki hakina jina langu. Tarehe 14 wanakuja wageni na wapiga picha. Wakishaondoka utabadilisha."

"Na watu watakaoshika mkono siku hiyo?"

"Nitawaelekeza mwenyewe asubuhi. Wewe kazi yako imekwisha."

Nakiri kwamba nilitoka nimeridhika. Nilijiambia nimeshasema, mzigo ni wake.

Tarehe 14 kikao cha asubuhi kilianza saa mbili kamili, mbele ya banda kubwa. Wageni walikuwa wameketi kwenye viti vya kukodi. Mvumbuzi alizungumza dakika ishirini na tano. Alisimulia jinsi wazo lilivyomjia bafuni akiwa na sabuni machoni, na wale jamaa wa ofisi kuu wakamvisha kilemba cha ukoka mpaka akatabasamu kama bwana harusi. Habari ya kibao hakuigusa. Nilisimama mstari wa pili, naye aliniona. Nilinyamaza, kwa sababu wageni walikuwa wanasikia, na sikutaka kuonekana mwanamke mwenye kisirani.

Baadaye akaagiza kabari zote ziondolewe njia ya tatu. Alisema zinaharibu picha, zinaonyesha hatuiamini breki yetu wenyewe. Zikarundikwa kando ya nguzo.

Saa nne na dakika kumi injini ilileta behewa la maonyesho njia ya tatu. Njia hiyo ina mteremko mdogo kuelekea banda la rangi. Kiasi cha hatua sitini chini yake yalisimama mabehewa mawili ambayo fundi wa mapazia alikuwa anayamalizia. Alikuwa akitoka la kwanza kwenda la pili, na mapazia begani, anakatiza katikati.

Kwenye mkono wa kifaa alisimama Taratibu. Huyu ni mwenzetu anayeunga na kutenganisha mabehewa, ndiye aliyelazwa chini ya ulinzi. Tunamwita hivyo kwa sababu ndilo neno analomwambia dereva wa injini kutwa nzima. Kwa miaka yote hiyo sikuwahi kumwona akikimbia. Hakuwa amewahi kukigusa kifaa kile hata mara moja.

Mvumbuzi alishika kipaza sauti akasema, "Haya, mtaalamu wetu, tufungie breki wageni waone." Kwa mdomo wake mwenyewe alisema tufungie breki. Taratibu akasoma kibao, akashusha mkono kwenye FUNGA, akaitenganisha injini, akampungia dereva. Injini ikaondoka.

Behewa lilitulia kidogo, kisha likaanza kuteremka polepole, kama mtu anayeondoka kwenye shughuli bila kuaga. Wageni wakapiga makofi. Walidhani ni sehemu ya maonyesho.

Nilipiga kelele, "Juu! Juu!" Nilitaka auinue mkono. Taratibu akatazama juu ya paa la behewa, na watu kadhaa nao wakatazama huko. Alipoona hakuna kitu paani ndipo akakimbia. Alichukua kabari kwenye lile rundo, akaisukuma chini ya gurudumu, na gurudumu likapita juu ya mguu wake wa kulia. Behewa likapunguza mwendo, lakini halikusimama. Fundi wa mapazia alikuwa bado katikati ya yale mawili. Yaliyompata daktari ameyaandika, mimi sitayarudia.

Tulimfunika kwa mapazia aliyokuwa ameyabeba, hatukuwa na kitu kingine. Taratibu alikuwa anavuja damu, tukamkaza mshipi wa suruali pajani. Mvumbuzi akawaambia wageni waingie ofisini wapumzike. Niliwaona wakipita kando ya miguu ya yule mama, mmoja akiinua suruali yake isiguse, na nyuma yao sinia la soda. Kuna aliyeuliza kama zipo za baridi.

Saa nne na dakika thelathini na tano Mvumbuzi aliniita. Alikuwa ananawa mikono kwa sabuni, ingawa hakuwa amegusa mtu wala kitu. Alifungua droo kwa kidole kimoja, kibao kipya kikiwa pale.

"Kabadilishe kabla askari hawajafika."

Nikamwambia, "Bosi, mtu amekufa."

"Ndiyo maana nakwambia kabadilishe. Fomu ya ukaguzi ina saini ya nani?"

Nikakichukua. Niliogopa, na zaidi ya woga sina sababu nyingine. Hakunishikia kitu shingoni. Kutoka ofisini mpaka njia ya tatu ni mwendo wa dakika tatu, na dakika hizo zote nilikuwa na nafasi ya kugeuka. Nilitoa cha shaba, nikafunga cha bati. Cha zamani kilikuwa na skrubu nne, kipya kina mbili, kwa hiyo nilibakiwa na matundu mawili matupu. Nikayaziba kwa grisi, nikapaka na vumbi yasing'ae. Kibao cha shaba nilikitupa kwenye tanuru la kuyeyushia vyuma. Kazi yote haikuzidi dakika tano. Niliifanya vizuri, na hilo ndilo linalonichefua kuliko yote, kwamba mikono haikutetemeka.

Askari walifika saa tano na dakika tano, wakapiga picha. Mkono wa kifaa ulikuwa chini, na pembeni yake yameandikwa BREKI HAISHIKI. Afande akaniuliza kama kibao kilikuwa hivyo tangu mwanzo. Nikasema ndiyo. Huo ndio uongo niliokuja kuutoa.

Kwa siku saba nilijifanya hamnazo. Mvumbuzi alibandika tangazo kuhusu uzembe wa wafanyakazi, akachangisha rambirambi, akasoma jina la marehemu mbele ya watu kwa sauti ya huzuni. Alikosea jina. Hakuna aliyemrekebisha, na mimi nikiwemo.

Jana, tarehe 21, saa kumi jioni, nilikwenda hospitali. Taratibu yupo chumba cha mwisho, askari ameketi mlangoni. Mguu umekatwa chini ya goti. Mkewe alikuwa anamkata kucha za mkono. Nilimsalimia, "Shemeji, pole," akaitikia bila kuinua macho.

Taratibu ndiye aliyeanza.

"Dada, keshokutwa nasaini kwamba kosa ni langu."

"Mbona unasaini?"

"Wameniletea picha. Mimi kichwani nina neno FUNGA. Nalala nalo, naamka nalo. Lakini kwenye picha halipo. Pameandikwa breki haishiki, kwa herufi kubwa hivi, na mkono niliushusha mwenyewe. Sasa mtu anayesoma neno lisilokuwepo ni mtu gani? Ni mwendawazimu. Bora nikae ndani, nisije nikaua mwingine."

Mkewe akasema, "Tangu juzi haulizi mguu. Anauliza kama macho yake ni mazima. Daktari wa macho kaja, kasema ni mazima, basi ndiyo ikawa mbaya zaidi."

Taratibu akanitazama.

"Wewe ndiye uliyekifunga kile kibao. Kiliandikwaje?"

Nilimwambia apumzike. Hilo ndilo jibu nililompa. Nikatoka nje.

Nimwambie hapa nililoshindwa kumwambia kule. Alisoma sawasawa. Neno lilikuwepo, lilikuwa FUNGA, na aliambiwa afunge, akafunga. Macho yake hayana kasoro wala akili yake haina kasoro. Aliyeondoa neno lile ni mimi.

Afande ameniuliza ushahidi uko wapi. Futeni vumbi kando ya kile cha bati, mtaona matundu mawili yenye grisi. Na wapiga picha walikuwa wengi asubuhi ile. Mvumbuzi alisimama kando ya kisanduku akionyesha jina lake kwa kidole, kwa hiyo hata neno FUNGA litakuwa limeingia kwenye picha. Ameniuliza pia kama naelewa kwamba natoka kwenye ushahidi naingia kwenye kushtakiwa. Naelewa. Ninachoomba ni Taratibu asomewe maelezo haya leo, kabla hajaletewa kalamu.

Nimesema yote niliyoyaona na yote niliyoyafanya. Nimesomewa, ndiyo yenyewe, naweka saini.

(Saini ya shahidi)

MAANDISHI YA ASKARI MPELELEZI

Maelezo yamefungwa saa tano na dakika ishirini asubuhi. Shahidi alionywa mara mbili kwamba yanaweza kutumika dhidi yake, akasema yaandikwe hivyo hivyo. Kuna sahihisho moja. Kwenye kikao cha asubuhi niliandika "nilisahau kumkumbusha". Shahidi alikataa, akasema hakusahau. Limekatwa, pameandikwa "nilinyamaza", naye amesaini pembeni. Anashikiliwa kituoni. Askari wametumwa karakana kufungua kisanduku na kumleta mkuu.

Saa nane mchana nilifika hospitali na kumsomea majeruhi mbele ya mkewe. Maelezo yake ya kukiri kosa hayatachukuliwa. Nilipomaliza hakuuliza habari za kesi wala za mkuu wa karakana. Aliomba nirudie pale palipotajwa kibao, nikarudia. Akaomba tena. Nimemsomea mara nne.