Nilikuwa Wanawake Wawili Homa Bay

Nyathina Akinyi, mwanangu,

Mnaendeleaje huko Awendo? Hapa Homa Bay jua ni kali lakini upepo wa ziwa unanipoza, na jana nilikula samaki mzima, ngege, peke yangu.

Leo kliniki, nikingoja daktari aangalie kama kansa imerudi, dada anayeandikisha wagonjwa wa kansa akaniita kwa jina. Nikajua imerudi.

"Mama, nyumbani ni wapi?"

"Ndhiwa, kwa bwanangu."

"Na kule hospitali ya Migori ulisema Awendo. Nyumbani ni mahali unalala ama mahali utazikwa?"

"Kuzikwa? Wewe, mbona unaniharakisha!"

Watu kwenye benchi wakacheka. Kumbe nimeandikwa kama wanawake wawili, mmoja wa Ndhiwa kaunti hii ya Homa Bay, mwingine wa Awendo kaunti ya Migori! Akanieleza kwamba hawawezi kufika kila mahali, kwa hivyo wanahesabu wagonjwa wa kaunti chache halafu wanakadiria Kenya nzima. Nikiwa wawili, wagonjwa wataonekana wengi kuliko walioko. Nikamwambia abakishe yule wa Awendo, ndiko nalala, na akifuta, afute yule mgonjwa.

"Hiyo muulize daktari," akasema.

Daktari amenipapasa kifua na kwapa, kote. Hakuna kitu, nyathina! Nirudi tu mwaka ujao.

Sasa wacha wasiwasi, ukule vizuri. Nikifika nitakukumbatia kwa mikono yote miwili, maana hata ule wa upande waliokata titi sasa unainuka.

Mama yako anayekupenda sana