Mwaka Mmoja Bila Maswali Yako, Matroni Damari

Leo mwaka umetimia, Mama, tangu tulipokupumzisha Uyole, tarehe 14 Juni, asubuhi yenye baridi kali. Presha ilikuchukua kwa siku mbili tu. Hukupata muda wa kutuuliza daktari alisema nini, na sisi hatukupata muda wa kukuficha.

Siku ya mazishi wasemaji walisema kwamba ulimwamini kila mtu. Tulitazamana. Ungekuwapo, ungewauliza wanamzungumzia nani.

Kwa miaka kumi na tisa ulikuwa matroni wa bweni la wasichana, na kazi hiyo uliifanya kwa kushuku. Mtoto akisema, "Nipo salama, matroni," ulimgusa paji la uso. Akisema ameshiba, ulimwambia afungue kinywa, na mara mbili ulikuta jino bovu lililofichwa kwa kuogopa kung'olewa. Mwezi wa Juni ulipita kitanda hadi kitanda ukishika soksi, kwa sababu hukuamini kwamba soksi inaweza kukauka Uyole. Uliyemkuta na soksi mbichi alivaa za kwako, na zako zilipokwisha, alivaa za Baba.

"Damari, hata zangu?" Baba alilalamika.

"Wewe una mabuti, Baba Esnath. Tulia."

Ulikuwa na daftari. Kila mwanafunzi mpya ulimwandika asichokula: huyu karanga zinamvimbisha, huyu anakatazwa na dini, huyu anakatazwa na ukoo. Wasichana wa Iringa ndio waliokujazia kurasa, maana koo nyingi za kwao zina miiko ya chakula. Tekla wa Ilula, kidato cha pili, uliandika: hali figo, mwiko wa ukoo wa baba yake.

Habari ya Tekla tunaiandika kwa ruhusa yake. Ulichukia mambo ya nusu nusu.

Miaka mitatu iliyopita alifika shuleni mwanamume aitwaye Sosthenes, kutoka Rujewa. Alikuja na barua: bibi yake Tekla amefariki, anazikwa kesho, mtoto apewe ruhusa. Bibi huyo ndiye aliyemlea Tekla. Ulimpigia baba mzazi, hakupatikana. Mwaka uliotangulia, msichana mmoja alikuwa ameondoka na "mjomba" ambaye hakuwa mjomba, na hakurudi tena darasani. Barua yake nayo ilikuwa imesainiwa vizuri.

"Wewe ni nani kwake?" ulimuuliza Sosthenes.

"Baba yake mdogo."

"Kwenu mnakatazwa kula nini?"

Alicheka. "Mimi? Mimi nakula kila kitu, matroni. Kwani mmepika?"

"Hata figo?"

"Figo tena! Hizo ndizo zenyewe."

Ulifunga daftari. Ulimwambia kwamba mtoto hatoki mpaka baba mzazi apatikane. Tekla alilia mbele yako. "Ni baba mdogo kweli, matroni. Naapa!" Hukuyaamini machozi yake. Ulikwisha kuona wasichana wakiwalilia wanaume wasio ndugu zao.

Baba mzazi alipatikana kesho yake jioni, bibi akiwa amekwisha kuzikwa. Sosthenes alikuwa mume wa mama yake mdogo. Kwa Kiswahili chetu, huyo naye ni baba mdogo. Lakini si wa ukoo wa Tekla, na figo anakula bila kosa lolote. Ulikuwa umeuliza swali sahihi kwa mtu asiyehusika nalo.

Hukujitetea. Ulisema, "Nimekosa," mbele ya mkuu wa shule, na ulisema hivyo hivyo mbele yetu mezani. Baba yake Tekla alimhamishia Iringa. Ulipanda basi kwenda Ilula kuomba radhi. Wazee walikupokea na kukukaribisha chakula. Tekla hakutoka chumbani. Uliporudi ulichora safu mpya katika daftari, ya baba wadogo wa upande wa mama, ukaendelea na kazi. Namba ya simu ya Tekla uliiandika pembeni, lakini hukumpigia. "Ataona namfuatilia," ulisema. Ulitaka aje mwenyewe siku akiwa tayari.

Sasa sikiliza kosa letu, Mama.

Ulipofariki, Esnath alifungua daftari akaiona namba ile. Tulikaa sebuleni, sisi watoto watatu na Baba, tukajadiliana. Fred alisema, "Huyo binti akija, atakuja kututukana mbele ya watu." Anyelwisye aliogopa kwamba ukoo mzima ungekuja kudai mazungumzo. Hatukumpigia. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona.

Wakati wa Pasaka, Esnath alikwenda Ilula kupeleka ombi lako la radhi. Alimkuta Tekla kando ya barabara, akipanga nyanya kwenye meza ya shangazi yake.

"Shikamoo, dada. Nikupimie ndoo au sado?"

"Marahaba. Wewe ndiye Tekla?"

"Nani anauliza?"

"Mimi ni Esnath, mtoto wa Matroni Damari. Nimekuja kukuomba radhi kwa niaba yake."

"Kwa nini hajaja mwenyewe?"

"Alifariki, mdogo wangu. Mwezi wa sita mwaka jana."

Tekla aliweka chini nyanya aliyokuwa ameishika. "Mwezi wa sita? Na hii ni Pasaka." Alihesabu kwa vidole. "Namba yangu hamkuwa nayo?"

Esnath hakudanganya. "Tulikuwa nayo."

"Mlidhani nitafanya nini?"

Esnath aliiokota ile nyanya, Mama, akairudisha kwenye fungu lake.

"Nilimkasirikia, ni kweli," Tekla alisema. "Nilikuwa nangoja nimalize mitihani nije nimwambie usoni. Basi na huyu naye sikumzika."

Hatukuandikii haya ili tukutulize. Tekla hajasema kwamba amekusamehe, na hatukumuuliza tena. Wewe ulimnyima kaburi moja kwa kuogopa apotee. Sisi tulimnyima la pili kwa kuogopa aibu. Hofu yako ilikuwa na heshima kuliko yetu.

Wiki iliyopita alipiga simu. Leo mchana, baada ya ibada, tutakapokuja kukuwekea maua, atakuwapo. Atatangulia yeye kuweka, kisha sisi. Tulitaka kumpokea stendi, akakataa. Aliomba jambo moja tu: akifika kwenye geti la makaburi, asiwepo mtu wa kumuuliza yeye ni nani.

Unakumbukwa na mumeo Jailos, wanao Esnath, Anyelwisye na Fred, mkweo Happy, mjukuu wako Blessing, mdogo wako Ikupa, na wasichana wote waliowahi kuvaa soksi zako.

Tutakukumbuka jinsi ulivyokuwa, Mama, siku zetu zote.