Ng'ombe Mmoja, Bila Ndama

Jumanne, 4 Februari 2025

Mkutano wa kikundi, kanisani. Mutanu hakuwa na rejesho la mkopo wake. Mara ya tatu hii.

Kanyi, afisa wa mikopo, akatukumbusha sheria: hakuna kutoka mpaka hesabu itimie. Kijana mpole. Akavuta kiti mlangoni, akaanza kutafuna njugu. Tukakaa mpaka saa nane, bati linatuoka. Mwishowe tukamchangia, kama mwezi uliopita. Mimi nilitoa pesa ya unga.

Mutanu ni wifi yangu, dada ya marehemu mume wangu, Mwangangi. Alikopa apande ndengu. Zikatoa maua, mvua ikakatika. Basi.

Roselyne, mwenyekiti wetu, akasema kukopa harusi, kulipa matanga. Hakuna aliyecheka. Nilimtazama wifi nikitafuta hasira ndani yangu. Sikupata. Huruma pia sikupata.

Mkopo wangu wa tangi la maji umepitishwa — lakini hautoki kikundi kikiwa na deni. Na mvua ya Machi haingoji mtu.

Ijumaa, 7 Februari

Roselyne amekuja na karatasi. Wadhamini wa Mutanu ni yeye na mimi, kwa hivyo ni sisi wa kuweka sahihi ng'ombe wake achukuliwe. Kila mtu akikopa huandikisha mali. Mimi niliandikisha kochi, lile lenye tofali mahali pa mguu. Siku hiyo tulicheka sana!

Nimeweka sahihi. Nikarudi kuchambua maharagwe.

Jumatatu, 10 Februari

Tumemchukua ng'ombe.

Tulienda wanawake saba. Kanyi alibaki barabarani na pikipiki yake. Alisema haya ni mambo ya kikundi. Mutanu alituona tukishuka kwa njia ya makonge, akaingia jikoni. Nilidhani amejificha. Kumbe anapika chai. Akatupa chai ya maziwa, kila mtu kikombe chake, na tukanywa. Saba wazima, tukanywa yote!

Kisha akamfungua ng'ombe mwenyewe. Ndama akafuata. Hapo Roselyne akasimama, akasoma karatasi: ng'ombe mmoja. Ndama hakuandikwa, maana wakati ule hakuwa amezaliwa. Akasema sisi si wezi, tuchukue kilichoandikwa tu. Wote tukakubali, hata tukajisikia watu wa haki. Ndama akafungwa kwenye mti, tukaondoka.

Ng'ombe atalala kwangu mpaka siku ya soko, Alhamisi. Mimi ndiye niliye na boma tupu, na ni karibu: korongo moja tu katikati.

Mutanu hakulia. Afadhali angelia.

Jumanne, 11 Februari

Ng'ombe hatoi maziwa. Analia huku, ndama analia kule ng'ambo ya korongo. Sikulala.

Nimemkanda kwa maji ya moto. Nimempa chumvi. Amepiga ndoo teke. Kiwele kimekuwa kigumu kama jiwe, ukigusa anatetemeka. Mtoto wa Ukambani mimi, nimekua na ng'ombe, na nilijua kabisa kwamba hawa wetu wa kienyeji hawaachii maziwa bila ndama. Sisi wote saba tulijua. Lakini karatasi ilisema ng'ombe mmoja.

Nimempigia Roselyne. Amesema nikamue kwa nguvu, ng'ombe akiharibika kiwele bei itashuka. Bei ndiyo iliyomjia kwanza. Simlaumu.

Jumatano, 12 Februari

Nimeshindwa. Asubuhi nimemwita Mutanu kwa simu. Amekuja na ndama kwa kamba.

Ndama amenyonya kidogo, maziwa yakashuka, wifi akachuchumaa akaanza kukamua. Mimi nimesimama tu kama mgeni kwa boma langu. Kisha bila kunitazama akaniambia:

"Mama Ndululu, baki na huyu ndama. Mimi siwezi kuja kila siku, na huyu mama yake ataumia."

Nikamwambia ndama hayuko kwa karatasi.

"Najua. Nakupea tu."

Ng'ombe peke yake hamalizi deni. Ng'ombe na ndama wake, wakienda soko pamoja, deni lote linaisha. Tangi langu linatoka wiki ijayo. Hilo ndilo nililowaza, kabla hata hajamaliza kusema. Naliandika hapa kwa sababu siwezi kumwambia mtu. Naona aibu — na aibu yenyewe iko mbali, kama ya mtu mwingine.

Nimeingia ndani nikisema natafuta sufuria. Sufuria hii hapa. Simu inalia, ni Roselyne, anataka kujua kama tumepata maziwa. Nje Mutanu ameshamaliza kukamua. Namsikia akimfunga ndama kwenye nguzo yangu, na sijamwambia ndiyo wala hapana.